Goti la Wesonga na Kuku wa Wilkista

Asubuhi ile Wesonga alitoka nyumbani kwake Bukhayo akinyata kama mwizi, na kusema kweli alikuwa mwizi, maana kuku aliyening'inia kwenye usukani wa baiskeli alikuwa wa mkewe Wilkista, tena kuku wa kutaga. Mguuni, ndani ya suruali yake pana ya bugaluu, alikuwa amefunga mfuko wa mchanga. Moyoni alijaa hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa ya goti. Wesonga alikuwa mmoja wa wanaume wa baiskeli waliobeba abiria pale Busia, kutoka forodha ya Kenya hadi ya Uganda, na tangu mvua kubwa goti lake la kulia lilikuwa limemgomea. Kukanyaga pedali na mtu nyuma alishindwa. Kuchuchumaa ndiyo hata usiseme. Chooni alikuwa amejitengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, siri ambayo hakumwambia mtu na ambayo kijiji kizima kiliijua. Mwanamume wa baiskeli asiye na goti atakula nini? Swali hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa hospitali ya misheni, kwa dada wa mazoezi aitwaye Millicent. Huyo alilikunja goti, akalikunjua, akabonyeza paja.

"Mzee, goti yako haijatoka mahali yake," alimwambia. "Ni nyama ya paja imelegea, inaachia goti kazi yote. Utakaa kwa kiti, ufunge mfuko ya mchanga hapa chini, uinue, ushushe. Asubuhi na jioni. Abiria, wacha kwanza."

Wesonga alingoja sindano, haikuja. Alingoja dawa ya kupaka, wapi! Alirudi nyumbani amenuna, akijiuliza ni hospitali gani hii ya kumpa mgonjwa mchanga, kana kwamba mchanga umeadimika Bukhayo.

Njia ya pili ilikuwa Omoding wa Adungosi, mganga wa mifupa. Omoding hakuwa na maneno mengi. Alishika mguu, akaupinda, akauvuta kwa ghafla, na walioketi nje wakausikia ukilia ko! Odeke, mwenzake Wesonga pale forodhani, alikwenda kwake akichechemea na akarudi akiendesha baiskeli. Lakini mzee Methuselah naye alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa amebebwa, na mpaka leo ule mguu hajaukanyagia. Kisha palikuwa na ile desturi ya kuku. Mgonjwa alipeleka kuku, Omoding akamvunja kuku huyo mguu, akamfunga vijiti na dawa ileile ya mgonjwa. Siku kuku atakapokanyaga, ndiyo siku nawe utakanyaga. Kuku mwenyewe hakuulizwa maoni yake.

"Omoding akikuharibu, mimi nitakupeleka wapi?" Wilkista alimwuliza, macho yamemtoka kwa wasiwasi. "Wewe inua mchanga."

Basi aliinua mchanga. Kila asubuhi mkewe alisimama mlangoni kumchunga, naye akainua, akashusha, mpaka akachoka kujiona. Goti halikulia ko! Mbaya zaidi, mazoezi hayakumwuma, na Wesonga hakuamini dawa isiyouma. Wakati huo abiria wake walikuwa wameshazoea kumwita Odeke. Akaona akiendelea kungoja atasahaulika kabisa. Siku hiyo aliinua mchanga kama kawaida, akauacha mguuni ili Wilkista adhani anakwenda kumwonyesha Millicent, kisha akachukua kuku na kushika njia ya Adungosi.

Alikwenda akisukuma baiskeli. Akilini mara alimwona Odeke akipiga pedali, mara Methuselah ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, mgongo ukutani. Alitaka kurudi, akaona aibu, akaendelea. Mapaa ya kwa Omoding yalipoanza kuonekana, askari mwenye bunduki alichomoza kutoka kwenye mahindi.

Ulikuwa wakati wa kahawa ya magendo. Watu waliivusha kutoka Uganda wameifunga tumboni, mgongoni, mapajani. Askari akaitazama ile bugaluu iliyotuna upande mmoja.

"Simama hapo! Hiyo nini iko kwa mguu?"

"Ni mchanga, afande."

"Mchanga! Na hiyo kuku ni ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Anajua umetoka nayo?"

Wesonga akamtazama kuku.

"Chuchumaa chini! Mikono kwa kichwa!"

Roho ikamruka. Baiskeli ikaanguka, kuku akapiga kelele, na Wesonga akajikuta chini, mikono kichwani. Askari alipandisha suruali, akauchana mfuko kwa kisu. Mchanga ukamwagika juu ya kiatu. Aliuchota, akaunusa, akaonja, akatema.

"Sasa mtu anafunga mchanga kwa mguu ya nini?"

"Ni dawa, afande. Goti yangu ni mgonjwa. Haikunji."

Askari alimwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Haikunji? Na hapo umekaa namna gani?"

Wesonga akainamisha macho. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamekunjika, visigino vimetulia ardhini. Aliogopa kupumua. Je, litakubali kuinuka? Alitia mkono chini, akajisukuma. Goti liliuma kidogo, paja likatetemeka, lakini likambeba mpaka juu. Machozi yakamlengalenga mbele ya mtu wa serikali.

"Afande," alisema, "naomba nichuchumae tena."

Askari aliona amekutana na kichaa, akampungia mkono aende zake. Wesonga alizoa mchanga wake kwenye leso, akakaza fundo, akaigeuza baiskeli. Mapaa ya kwa Omoding aliyapa mgongo.

Wilkista alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni.

"Wesonga! Kuku yangu umepeleka wapi?"

Hakujibu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akamshusha kuku, akachuchumaa katikati ya ua kumfungua kamba. Kuku alitimua mbio kwa miguu yake yote miwili, akilalamika.

Wilkista alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa tangu asubuhi. Yote yalimpotea. Alikuja akachuchumaa mbele ya mumewe, akaweka kiganja juu ya lile goti.

"Rudia," alisema kwa sauti ndogo. "Simama, halafu urudie, nione."