Mashimo Matatu ya Lufingo

Biashara huria iliporuhusiwa, Tukuyu ilijaa wageni. Kila mtu na meza yake ya mitumba, na vyumba vya kupanga mtaa wa Msasani pale mjini havikutosha. Ikaonekana mji unahitaji makaburi mapya, maana yale ya zamani yalijaa. Ukichimba unakutana na maji au na mtu. Mimi nilikuwa bwana afya, nimehamishiwa huko kutoka Kondoa, basi nikatiwa kwenye kamati ya kutafuta eneo.

Kikao cha kwanza wajumbe wote walikubali kwamba makaburi yanahitajika. Kisha mmoja akauliza, "Lakini atazikwa nani huko?" Wenyeji wa Rungwe huzika nyumbani kwao, migombani, karibu na mlango. Nikaona macho yanahamia kwangu na kwa mpima ardhi, wageni wawili tuliokuwa mle chumbani. Nilicheka, na nikajikuta nacheka peke yangu.

Sikuwa na sababu ya kucheka. Nyumbani nilikuwa na mama yangu mzazi, moyo unamsumbua, miguu imevimba, na alishaniapisha nisimpandishe kwenye lori akiwa maiti kumrudisha Kondoa. "Nitafutie hapa hapa," alisema. Kila nikitoka kazini ananiuliza, "Umepata?" kama aliyenituma chumvi. Nilikuwa namjibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Hatimaye tulipata kipande cha ardhi kijijini Lufingo, ukingoni mwa shamba la mjane mmoja. Mpima ardhi alimwambia tunapima udongo tu, naye akaturuhusu. Mimi nilitaka kujua maji yako kina gani, nikaagiza mashimo matatu ya futi sita. Vibarua tuliopewa walikuwa wachimba makaburi wa mji, wakachimba kwa vipimo walivyozoea. Tukayaacha wazi hadi kesho yake, tuone maji yatapanda kiasi gani.

Asubuhi hatukukuta shimo hata moja. Palikuwa na matuta matatu ya udongo mbichi, na wanawake wameketi kando wamejifunga kanga kama watu wa msibani. Nikavua kofia, nikatoa pole.

"Pole ya nini?" mjane akanikazia macho. "Tumezika migomba."

"Migomba?"

"Wee tata, wee baba, umechimba makaburi matatu ukayaacha wazi, na kaburi wazi huita mtu. Kwangu tuko watatu, mimi na wajukuu zangu wawili. Ulitaka nikae nasubiri?"

Nikaanza kueleza habari za maji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu, hata machoni pangu mwenyewe. Nilipogeuka kutafuta msaada, mpima ardhi alikuwa ameshawasha pikipiki.

Mama alisikiliza kisa chote mkono shavuni. "Mwanangu, umsomeshe mtu aje afanye hivi? Umemchimbia mwenzako kaburi shambani kwake, halafu unamwambia ni maji?" Kesho yake, na miguu yake ile, akachukua mfuko wa unga wa uwele aliotoka nao kwetu, akapanda pikapu ya wachuuzi wa ndizi kwenda Lufingo kuniombea radhi. Alirudi na kibuyu cha maziwa mgando, anacheka.

Tangu hapo akawa haishi kwenda. Kiswahili chake kilijaa Kirangi cha kwetu, cha mjane kilijaa Kinyakyusa, na walichokuwa wakizungumza kutwa nzima sikukijua. Nilichojua ni kwamba aliacha kuniuliza kama nimepata. Nikadhani amesahau, nikashukuru.

Alifariki wakati wa masika. Kamati ilikuwa bado inavutana. Sasa walikuwa wanataja Nkunga, wengine wanasema ni mbali. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, mimi mjumbe wa kamati ya makaburi, sijui mama yangu nimpeleke wapi. Majirani walisambaza habari ya msiba.

Mjane aliingia amelowa, jembe mkononi.

"Gari liko wapi? Huko wameshaanza kuchimba."

"Huko wapi, mama?"

"Kwangu. Mimi na yeye tulishakubaliana zamani. Wewe ulikuwa unatafuta, mwenzako alishapata."

Tulimzika migombani, hatua nane kutoka mlango wa jiko. Nilizihesabu, ni ugonjwa wa kazi. Kwa sheria nilizokuwa nikiwasomea watu, mimi ndiye niliyepaswa kuzuia mazishi yale. Badala yake nilishika chepe. Nililia kwa uchungu, na humo humo mlikuwa na nafuu kubwa, nikashindwa kujua ninalia kwa kipi. Jioni wale wajukuu wawili walikuja kuniamkia wakaniita baba.

Wiki iliyofuata kamati ikakaa tena, safari hii na afisa mmoja kutoka mkoani. Mwenyekiti akaniomba nisome masharti ya umbali kati ya kaburi na nyumba ya kuishi. Nilifika kwenye idadi ya mita, nikaiweka karatasi mezani. Wajumbe wakainamisha vichwa. Wote walikuwa wamekuja kuzika. Ni yule afisa tu ambaye hakuwa na habari, akauliza kama naumwa.

"Nimefiwa na mama," nikasema.

"Pole sana. Umezika wapi?"

Niliigeuza ile karatasi ya masharti kifudifudi.

"Nyumbani," nikamwambia.