Maneno ya Kaburi la Kwanza

Mama alikuwa mtu wa kwanza kuzikwa katika kijiji chetu kipya, na hilo sijalisamehe mpaka leo. Waliotupimia viwanja kwa kamba, huku kwetu Handeni, walitenga mahali pa shule, pa ofisi na pa duka la ushirika. Makaburi waliyasahau. Sijui walidhani ujamaa unazuia watu kufa. Tukamzika pembezoni mwa shamba la kijiji, peke yake, wakati wazazi wake na wanawe wamelala mbali, kule kwetu kwa zamani tulikotolewa.

Kwetu, arobaini ikifika, wanaume husoma hitma asubuhi, na alasiri wanawake hukaa na marehemu wao kaburini. Binti mkubwa ndiye hufungua kikao hicho na kukifunga. Hufungua kwa kuwaamkia waliotangulia kuzikwa hapo, mmoja mmoja, ili wampokee mgeni. Sasa mimi ningemwamkia nani? Pale hapakuwa na mwenyeji. Nilisonga ugali wa yale mahindi ya njano ya msaada huku nikitafuta maneno, nikauunguza.

Kabla sijayapata, mwenyekiti wa kijiji akapita nyumbani. Kwa kuwa watu watakuwa wamekusanyika, alisema, nifungue kwa salamu ya chama, na mwisho nimpe nafasi atangaze zamu za kupalilia pamba. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Mume wangu aliniomba nikubali, maana mahindi yaligawiwa ofisini na tumbo halina msimamo. Nilimwelewa. Sikukubali.

Jirani yangu alikuwa mjane Mkristo aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, na ndiye aliyemuuguza mama pamoja nami. Nikamuuliza kule mkongeni walikuwa wanafungua vipi, maana walizikana watu wa kila kabila na kila dini, mbali na kwao.

"Kila mtu alikuwa anamtaja wake aliyemwacha kwao," akasema. "Basi maiti wetu hakai peke yake."

Nikayabeba hayo. Alasiri ya arobaini nilisimama kaburini nikasema, "Shikamoo mama. Hapa hukumkuta mtu, kwa hiyo tumekuja na wetu." Nikawataja babu na bibi, nikawataja kaka zangu, nikakaa. Wakafuata wengine. Wazigua walitaja waliobaki kwenye mahame. Wa mkongeni wakataja wa Songea, wa Kigoma, na wa mbali zaidi. Bibi mmoja alitaja wanawe wachanga ambao hawakuwahi hata kupewa majina, akasema tu yule wa masika, yule wa kiangazi. Hakuna aliyemharakisha. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti alichokuja nacho, anatazama saa.

Tulipomaliza akanyanyuka, akainua mkono. "Uhuru!"

Siku nyingine tungeitikia "Na kazi!" hata tukiwa usingizini. Siku hiyo hakuna aliyeitikia. Akarudia. Nikasimama, maana kufunga kulikuwa kwangu.

"Mama," nikasema, "tunaomba ruhusa tuondoke. Usiogope upweke, tutakufuata hapahapa. Lakini kila mtu kwa wakati wake, si kwa kupangiwa."

Wanawake wakaitikia amina, kila mmoja akachukua kanga yake aliyokalia, tukaondoka. Zamu za pamba hazikutangazwa.

Mgao wetu wa mahindi ulichelewa sana baada ya hapo. Tulikula mlenda mtupu, na mume wangu hakunilaumu, ila alikuwa akinitazama. Kisha nikaitwa ofisini. Walitaka kujua nani alinipa maneno yale. Walitaja wanaume waliowashuku, mmoja baada ya mwingine, wakisubiri niitikie kwa kichwa. Jirani yangu hawakumfikiria hata kidogo, nami sikuwasaidia. Nikawaambia niliyachagua mwenyewe, na kama wanataka mengine, ninayo.