Mashine Iliyomshusha Zuhura Dunguni

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na baba yako asisikie. Nakumbuka nimesimama bondeni kwetu Kwamsisi, matope yamenifika vifundoni, nimeshika ncha mbili za waya, na ukoo mzima umejipanga juu ya tuta kuniangalia. Wachache walikuja kuiona mashine. Wengi walikuja kuniona nikiaibika, na hao ndio waliowahi nafasi za mbele.

Usinicheke nikijiita mzee. Mvi zilinianza mapema, na anayefundisha watoto wa watu kushika nyaya huzeeka kabla ya wenzake. Wewe leo unaingia karakanani kwangu hapa Korogwe, unakuta droo zimejaa bodi, zile kompyuta ndogo za kuongozea mashine, unaunganisha mota, inazunguka, unapiga picha na kuwarushia rafiki zako. Vizuri, sikukatazi. Ila kaa kidogo nikuambie bodi yangu ya kwanza ilikuwa na kazi gani.

Kule bondeni tunalima mpunga, na mpunga ukianza kuiva hushuka kwelea kwelea. Ni ndege wadogo, ukimshika mmoja hajazi kiganja, lakini wakija kwa kundi lao chakula cha mwaka kinakwisha kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo lazima mtu aamie ndege. Anapanda dunguni, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, anavuta kamba zilizofungwa makopo matupu na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka jua lizame. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mabinti, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka ule binti mwenyewe alikuwa mdogo wangu Zuhura, naye yuko darasa la saba, mwaka wa mtihani.

Mama aliumia lakini hakuwa na la kusema. Sisi Wazigua mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wetu, Mzee Athumani, alikuwa amekwisha kulitoa neno lake: Zuhura hashuki mpaka mpunga uvunwe. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu, mpunga ukiliwa, huyo mwanafunzi atasoma akiwa amekula nini? Jibu langu lilikuwa bodi.

Nilikuwa kijana wakati huo, najifunza ufundi wa redio hapa hapa Korogwe, na fundi wangu ndiye aliyenipa kile kibodi kinachoenea mfukoni. Unakiunganisha na kompyuta, unakiandikia amri, ukikichomoa kinaendelea kuzikumbuka. Nikamwendea mjomba nikaomba anipe muda. Mashine yangu ikilinda shamba, Zuhura anarudi shule. Ikishindwa, anabaki juu na mimi nisilete tena maneno. Alikubali mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto mchezo.

Hapo nikafanya pupa. Niliokota mota ya waipa, ya kupangusia kioo, kwenye gari bovu nikaiunganisha moja kwa moja na bodi. Bodi ikatoa harufu ya kuungua, ikafa. Nilipompigia simu, fundi wangu hakunigombeza. Aliniambia bodi ni msimamizi, wala msimamizi habebi gunia. Umeme wa mota utoke kwenye betri, katikati uweke kifaa kiitwacho draiva kipokee amri ya bodi na kuifikisha kwenye mota, na waya hasi za bodi na za betri zikutane ili vyombo vyote vielewane. Bodi ya pili aliituma kwa basi, nikaenda kuipokea Mkata, nikaipakata njia nzima juu ya bodaboda.

Safari hii ilifanya kazi. Mota ilivuta kamba, makopo yakalia shamba zima. Pembeni nilisimamisha sanamu iliyovaa koti kuukuu la mjomba, na mkononi mwake nikafunga sevo, ile mota ndogo inayogeuka kwa kipimo unachoitajia kisha ikasimama hapo. Mkono unapanda, mkono unashuka. Ndege walitimka. Nilijiona nimemaliza, nikamwambia Zuhura asiguse tena kamba, nikarudi nyumbani kunywa chai.

Akili nyingi huondoa maarifa, mwanangu. Siku ya kwanza ndege walikimbia, ya pili walisitasita, na ya tatu walikuwa wakiruka juu kidogo makopo yakilia, kisha wanatua palepale kuendelea na karamu. Nilikuwa nimeiamuru bodi ivute kila baada ya dakika tano, bila kukosea, na ndege wakaijua ratiba ile kuliko mimi. Masuke ya upande wa mto yalikuwa yamebaki makapi. Mjomba aliyaona, akaja kunikuta barazani na kikombe changu.

"Mwanahawa, mpwa wangu," alisema, "mota unaijua, sikatai. Ndege umemjua lini? Hiyo mashine yako inawapigia kengele ya chakula."

Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimekaa siku nyingi na kompyuta, hata asubuhi moja sikuwahi kukaa na ndege. Nilimwomba mjomba jaribio moja tu la nyongeza. Alisema kesho yake nipande dunguni nikamsaidie Zuhura, pengine nitapata adabu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitakiwa kupanda. Nilikaa dunguni tangu giza la alfajiri, mgongo unauma, koo limekauka, na nikaona aibu kwamba mdogo wangu alikuwa akifanya hivi kila siku huku mimi namwita mvivu wa kusoma. Nikamtazama kazini. Alivuta kamba mara moja, akatulia. Akavuta mara mbili mfululizo. Akakaa kimya hadi nikadhani amesinzia, halafu akapiga ukelele ndege wakiwa ndiyo kwanza wanakunja mbawa. Nikamuuliza anahesabuje.

"Sihesabu, dada," alisema. "Wakijua nitavuta lini, nimekwisha. Hata mimi mwenyewe sijui."

Nilimkumbatia palepale, akaniona nimerukwa na akili. Jioni ile niliiandikia bodi amri mpya: ipige kura yenyewe kama ya bahati nasibu, ipumzike kwa muda inaoupata kwenye kura, mara mfupi, mara mrefu, na ivute mara moja au mbili kadiri itakavyoangukia. Sevo nayo niliipa kura yake, ili sanamu ipunge mkono makopo yakiwa kimya.

Kesho yake ndiyo siku ile niliyokuambia, watu wakiwa juu ya tuta. Niliunganisha waya nikajitenga. Kundi likaja kutoka ng'ambo, likashuka, makopo yakalia. Wakainuka, wakazunguka, wakashuka tena kwa mazoea yao, na kabla hawajatua makopo yakalia kwa mara ya pili. Wakahamia upande wa mto, sanamu ikawapungia mkono. Kimya. Kimya kirefu, shangazi mmoja ameanza kuguna. Kundi likateremka chini kabisa, na makopo yakapasuka kwa kelele. Ndege wakapanda wote kwa pamoja, wakavuka mto, wakaingia porini wasirudi hadi kesho yake. Kesho yake pia tuliwashinda, na kesho kutwa. Lakini siku ile ile ya kwanza akina mama walipiga vigelegele mpaka Zuhura, aliyekuwa bado juu ya dungu akingoja matokeo, akaanza kulia.

Mjomba alienda hadi dunguni, akamshika Zuhura mkono akamshusha, kisha akaing'oa ngazi ya dungu na kuibeba begani hadi nyumbani. Asubuhi yake alimpakia kwenye baiskeli, akampeleka shule mwenyewe, akisalimia kila aliyekutana naye ili aulizwe anakwenda wapi. Zuhura alifaulu, mwanangu, na nilifurahi kana kwamba nimefaulu mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Mota jifunze, sevo jifunze, usiibebeshe bodi mzigo usio wake. Lakini kabla hujaandika amri hata moja, nenda ukakae na anayeifanya kazi hiyo kwa mikono, umuulize, umtazame, uchoke naye. Na chombo chako kikizunguka watu wakakupigia makofi, usitosheke na makofi. Angalia kimemshusha nani.

Mwenyezi Mungu akutulize mikono, akufungue macho, na kila utakachokiunda kimrudishe mtoto wa mtu darasani. Haya, unganisha betri ya hicho chombo chako tuone.