Siku Bi Staha Alipozimika Kiromo

Alawi bin Rehani, fundi cherehani wa Bagamoyo, alikuwa mtu mpole asiyegombana na mtu, lakini ukiligusa gari lake umeigusa mboni ya jicho lake. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kiingereza, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Aliuziwa mwaka sitini na mbili na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Mtaa mzima ukaliita Bi Staha, maana halikuwa na haraka na mtu, na hata likikataa kwenda hukataa kwa adabu: linakohoa mara mbili, kisha linazima.

Na lilikuwa likikataa, jamani! Lakini watu walishangaa jambo moja. Alawi hakukubali hata siku moja Bi Staha avutwe. Malori yalisimama, madereva wakashusha kamba, yeye akakataa katakata. Safari moja alikaa Mapinga siku mbili nzima, akila mihogo ya watu, mpaka kifaa kikaletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Watu wakasema bwana huyu ana wazimu wa gari. Mkewe, Mwanamvua, alisema zaidi.

"Mimi nina mke mwenza," aliwaambia mashoga zake, "tena wa mabati!"

Kisa chenyewe kilianza mwaka ule ule wa kwanza. Watu walikuwa wakinywa kahawa kwenye baraza la duka la Alawi, na Kombo, dereva wa lori, akaanza uchokozi wake. "Hilo gari, utaniambia! Litaingia mjini limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi." Wenzake wakacheka. Hasira zikampanda Alawi, na hasira ni hasara, wahenga hawakukosea. Akapiga paja. "Wallahi, siku gari langu likivutwa na gari jingine, mke wangu ameachika kwa talaka tatu!"

Lo! Talaka tatu, kwa ajili ya gari! Mwanamvua wa watu yuko jikoni anakuna nazi, hana habari wala kosa. Waliokuwepo wakaguna, wakamaliza kahawa yao, wakaenda zao. Alawi siku hiyo hakula. Akakimbilia kwa Shehe Msabaha akitumaini ataambiwa yale yalikuwa maneno ya barazani tu. Shehe akatikisa kichwa.

"Talaka haina mzaha, mwanangu. Umejifunga kwa ulimi wako mwenyewe. Sasa lichunge gari lako."

Akalichunga miaka tisa. Alitaka kuliuza, lakini nani angemnunua Bi Staha? Kutwa mkewe akimlaumu kwamba analipenda gari kuliko yeye, naye akiinamia cherehani kimya, maana angemwambia nini? Kwamba anapolala njiani na mbu ni kwa ajili yake yeye? Angeulizwa kwa nini, na kwa nini ndiyo iliyokuwa aibu yake.

Mwaka sabini na moja binti yao Tatu akajifungua Dar es Salaam, mtoto wa kwanza, na Mwanamvua kwa furaha ya mjukuu akakubali kupanda Bi Staha. Kwenda, salama salimini. Kurudi, walipofika Kerege rejeta ikachemka. Maji hayakuwapo karibu, Alawi akanunua madafu manne akayamimina yote. Wakaenda, gari zima likinuka kama jungu la kashata.

"Mke mwenzangu anapenda vitamu," alisema Mwanamvua, na Alawi akacheka kwa woga.

Walipopita Kiromo, zimebaki kama maili mbili kufika mjini, Bi Staha akakohoa mara mbili. Alawi akafungua boneti, akasugua plagi, akapuliza mpira wa petroli mpaka mashavu yakamuuma. Wapi! Na hapo hapo, kama aliyeitwa, likaja lori la magunia ya mkaa, na dereva wake ni Kombo.

Wakasalimiana, na Kombo hakungoja kuombwa. Akashusha kamba, akapiga magoti, akaanza kuifunga kwenye bampa. Mtenda husahau.

"Acha, Kombo," alisema Alawi. "Acha, nakuomba."

"Niache nini, bwana we? Maili mbili tu! Au umfanye shemeji atembee kwa miguu?"

Mwanamvua alikwishashuka. Alisimama akiitazama ile kamba, akaitazama kwa muda mrefu, na Alawi akaona midomo yake imekaza.

"Fungua kamba yako, Kombo," alisema Mwanamvua.

"Lakini shemeji..."

"Nimesema fungua! Umesahau siku uliyomchokoza mwenzio mpaka akaniapia talaka?"

Kombo akaifungua kamba mbio mbio kama aliyeshika nyoka. Alawi akamgeukia mkewe.

"Mama Tatu... ulikuwa unajua?"

"Bagamoyo hii kuna siri? Siku ile ile, hujafunga hata duka, nililetewa habari jikoni. Nikawa nangoja uniambie mwenyewe."

Akavua makubazi, akakunja buibui lake jipya, akajifunga kanga kiunoni. "Baba Tatu, ingia ushike usukani."

Kombo kwa aibu akaliacha lori kando ya njia, akawaita wapakizi wake wanne, wakasukuma. Aliye katikati, mikono kwenye buti, alikuwa Mwanamvua. Walipoingia mjini wanawake wakatoka milangoni na vigelegele.

"Mwanamvua, unamsukuma mke mwenzio?"

"Namrudisha nyumbani!" akajibu, akihema.

Alawi ndani ya gari alilia waziwazi, mwanamume mzima, na hakujali nani anamwona. Kwenye kioo alikuwa akiuona uso wa mkewe, umejaa vumbi jekundu na jasho.

Walipofika, Kombo na watu wake wakarudi kwenye lori. Mwanamvua akakaa barazani, akanyoosha miguu. Alawi akachutama mbele yake.

"Ungeweza kunyamaza tu pale," alimwambia. "Ungekuwa huru na mimi na gari langu."

"Ningeweza," alisema Mwanamvua. "Nenda kanitekee maji ninywe."