Mwano Katika Kundi la Kazi

Mwanangu Shilinde Ngolo si mhuni, wala hajawahi kuongoza genge lolote. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kilosa limesemwa sokoni, stesheni na hata mlangoni mwa kanisa, na baadhi ya waliolisema wana watoto waliopata kazi kwa mkono wake. Ni kijana wa Mabwerebwere aliyewatafutia watu ajira kwa simu. Jumamosi moja ya mwezi Agosti, kwa simu hiyohiyo, aliita watu wakauana. Yote mawili ni kweli.

Baba yake, marehemu Mwalimu Ngolo, tulikuja naye kutoka Shinyanga pamoja na ndugu zake na mifugo yao. Mume wangu alichagua chaki. Mdogo wake, Shimba, alibaki na ng'ombe, akahamia kwenye tambarare za Masanze. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka ishirini na saba, na tisa kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Nyumba yetu haikuwa na mali nyingi, lakini mtu akisema "kwa Mwalimu Ngolo" hakuna aliyeomba maelezo zaidi.

Shilinde alisomea usimamizi wa wafanyakazi pale Morogoro, akarudi na cheti kizuri na kukaa miaka miwili akituma maombi yasiyojibiwa. Katika kuhangaika huko akagundua jambo. Hoteli za Mikumi kule barabarani zilikuwa zinalia hazina wapishi, na wapishi walikuwa wamekaa Kilosa wanalia hawana kazi. Akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Kazi Kilosa na Mikumi. Aliwaandikia watu sivii. Aliwapiga picha kwenye ukuta wetu mweupe, baada ya kuwavua kofia na miwani ya jua. Hakutangaza kazi yoyote kabla hajapanda pikipiki kwenda kumwona mwajiri kwa macho yake, maana alijua wasichana wanavyodanganywa mitandaoni.

Kwa kuwa wengi hawakuwa wepisi wa kusoma, alizitangaza kazi kwa sauti. Kila siku saa moja asubuhi nilimsikia barazani: "Habari za asubuhi, wapambanaji. Leo tuna kazi nne." Anaeleza mahali, muda wa kufika na kitu cha kubeba. Watu walifanya kama alivyosema. Akisema wakata miwa waje na mapanga yao Jumatatu alfajiri, walikuwepo. Mwaka wa pili kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia tisa: Wasagara, Wakaguru, Wasukuma, Wamasai, na wageni waliofuata reli.

Mmoja wao alikuwa Isaya, mtoto wa mzee Sempele, mfugaji wa Kimasai anayepakana na Shimba kule Masanze. Shilinde alimpatia kazi ya ulinzi katika hoteli moja ya Mikumi. Baada ya miezi miwili Isaya akaja nyumbani kushukuru, na kibuyu cha maziwa mkononi. Shimba alikuwepo siku hiyo.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu. Shimba alimtazama tu.

"Huyu ndiye Mmasai uliyempa kazi?" akamuuliza Shilinde. "Mchungaji mzima analinda viti vya hoteli?"

Isaya akacheka. "Baba, viti haviingii shamba la mtu. Tangu nianze kuvilinda sijaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji hata mara moja."

Shimba mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akamgeukia mwanangu. "Na wewe siku hizi unachunga watu kwa kidole."

"Wamefika mia tisa, baba mdogo. Wako ni wangapi?"

"Nyamaza wewe. Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya wageni."

Tulikula pamoja siku ile, sahani moja wao watatu.

Sasa nieleze mwano, kwa kuwa mambo yote yalianzia hapo. Kwetu Usukumani mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, mwanamume anaacha jembe, anachukua silaha na kukimbilia linakotokea. Asiyekwenda anatengwa, hata moto wa kupikia haombi kwa jirani. Lakini mwano una utaratibu wake. Wanaofika hukusanyika kwanza mahali pamoja, na mkubwa wao huuliza kuna nini, nani kaumia, nani kafanya. Hakuna anayeinua mkono kabla ya maswali hayo. Wanaoujua mwano wanayajua hayo tangu utotoni. Wasioujua husikia kelele tu.

Jumamosi ile Shilinde alikwenda Masanze kumwona mkulima aliyetaka watu ishirini wa kupukuchua mahindi. Alipomaliza, akapita kumsalimia baba yake mdogo lamboni. Ilikuwa kiangazi na lambo limebaki tope katikati. Ng'ombe wa Shimba na wa Sempele walifika maji kwa wakati mmoja, na wachungaji wakaanza kutukanana juu ya zamu. Shimba alimchapa fahali wa Sempele usoni kwa fimbo. Kijana mmoja wa Sempele akamchapa Shimba rungu juu ya sikio.

Ngozi ya kichwa ilifunguka, sikio likaning'inia. Shimba alianguka kwa magoti kwenye tope, damu ikimjaa machoni, na rungu la pili likamvunja mbavu.

"Piga mwano!" alimpigia kelele Shilinde. "Wewe ni mwanamume au karani? Piga mwano!"

Wachungaji wa Shimba walikuwa wawili, wote wameanza kukimbia. Nyumba ya karibu ilikuwa mbali. Mwanangu alitoa simu. Kundi la juu kabisa lilikuwa lile la kazi, akabonyeza, akaita: "Mwano! Mwano! Wanaume wote, lambo la Masanze! Wamasai wanamuua baba yangu! Njooni na silaha, upesi!" Sekunde kumi na nne. Sauti ileile ya saa moja asubuhi.

Walikuja. Beda, dereva wa bodaboda ambaye namwamini, alibeba wawili kutoka mjini na kuyaona mengi. Anasema njia ya Masanze ilijaa vumbi la pikipiki kama siku ya mnada. Walikuja wakata miwa na mapanga yao. Walikuja vijana wasiomjua Shimba wala ng'ombe wake, wanaoijua sauti ya Shilinde tu. Na Wamasai waliokuwa ndani ya kundi, ambao nao aliwatafutia kazi, waliusikia ujumbe huohuo ukiwataja, wakatoka maboma yote na sime, marungu na mishale. Hakuna aliyewakusanya, wala aliyeuliza kuna nini.

Watu walikatana ndani ya tope mpaka usijue nani ni nani. Kuna aliyekatwa vidole vinne kwa mkupuo akabaki anavitafuta. Kuna aliyekanyagwa na ng'ombe waliochanganyikiwa mpaka kifua kikabonyea. Ashrafu, kijana wa Mikumi ambaye Jumatatu iliyofuata alikuwa aanze kazi ya kuhudumia mezani, alipigwa mshale wa shingo akiwa bado amevaa shati jeupe alilopigia picha kwenye ukuta wangu. Alikufa amekaa, mikono imeshika mshale.

Isaya alikuwa kwa baba yake, mapumzikoni. Alikuja mbio, anapita katikati ya watu akiita jina la mwanangu. Alipomfikia alimshika mkono wenye simu, akaupeleka mdomoni kwa Shilinde mwenyewe.

"Shilinde, sema warudi! Wewe wanakusikia. Sema warudi!"

Mwanangu alikuwa ameshabonyeza kurekodi ujumbe wa pili. Nyuma yao alikuwepo Ulimboka, mkata miwa, mtu aliyepata kazi kupitia kundi mwezi wa tano. Ulimboka aliona Mmasai amemkamata Shilinde mkono. Panga la kwanza lilimpata Isaya begani, likashuka mpaka kwapani. La pili lilimpata shingoni. Shilinde alijitupa juu yake, na hapohapo rungu la mtu mwingine likamvunja taya. Ujumbe wa pili una sauti ya kitu kinachopasuka, kisha kelele. Wakaendelea kupigana nusu saa nyingine. Polisi walipofika maiti zilikuwa nne.

Hospitalini muuguzi anayeitwa Goodhope alinipa mfuko wenye shati la mwanangu lililoganda damu, na simu ndani yake. Kesho yake, Jumapili, mji ulikuwa umeshapata hadithi: Isaya ndiye aliyewaita Wamasai, akamvamia Shilinde, na Ulimboka akamwokoa. Mzee Sempele alikuwa mahabusu kwa uchochezi, na mwili wa mwanawe bado haujazikwa.

Shimba alifika wodini mchana, kichwa kimefungwa bandeji.

"Futa ile sauti, shemeji," akasema. "Shilinde ndiye admini, bado inafutika kwa wote."

"Waliokwisha kuihifadhi je?"

"Watasema nini? Siku hizi kompyuta inaigiza sauti ya mtu yeyote. Bila simu hii ni ugomvi wa ng'ombe, na Sempele ataubeba. Mfikirie kaka yangu. Unataka jina la Mwalimu lisomwe mahakamani?"

Sitaficha kitu: nilikuwa tayari kufuta. Nilikuwa nimeshafungua kundi. Shilinde alikuwa amefungwa taya kwa waya, hasemi. Alinyoosha mkono akaomba kalamu, akaandika nyuma ya kadi ya hospitali: Mama usifute.

"Jina hilo si lako peke yako," nikamwambia. "Umelikuta."

Akaandika tena, taratibu, kwa mwandiko wa baba yake: Isaya alikuja niwaite warudi. Wanasema alikuja kuniua. Ukifuta, itakuwa hivyo.

Shimba alisoma kutoka nyuma ya bega langu. Akaninyang'anya simu. Mwanangu aliruka kitandani, chupa ya dripu ikaanguka na kupasuka, sindano ikachomoka. Alimkamata baba yake mdogo shingoni kwa mikono miwili, akambana ukutani, damu inamtiririka katikati ya waya za meno. Alikuwa anatoa sauti ambayo si ya mtu. Shimba akaanza kupiga mateke. Niliona macho ya mwanangu nikajua hataachia. Nilichukua kile chuma cha kutundikia dripu, nikampiga nacho shemeji yangu mkononi mpaka simu ikaanguka, kisha nikamvuta mwanangu nywele kama alipokuwa wa miaka sita.

"Shemeji, toka," nikasema.

"Umenivunja mkono kwa ajili ya Mmasai?"

"Toka, nisiongeze."

Jioni hiyo Shilinde aliandika katika kundi, kwa maandishi mara hii, kwamba sauti ya mwano ni yake, kwamba Shimba hakuwa ameuawa, na kwamba Isaya alikufa akijaribu kusimamisha vita. Watu wengi walitoka kwenye kundi usiku uleule, wengine baada ya kumtukana yeye na marehemu baba yake. Nilisoma kila tusi. Asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani, nikaipeleka simu polisi mwenyewe, nikamweleza ofisa wao ni ujumbe upi na upi. Sempele aliachiwa siku ya tatu. Shilinde alitolewa hospitalini na kupelekwa mahabusu. Mahakamani alikiri bila kulazimishwa na mtu, na sasa anatumikia miaka saba. Ulimboka naye amefungwa.

Kabla ya kesi nilikwenda kwa Sempele. Shimba alinitumia ujumbe kwamba nikikanyaga huko nisihesabu kuwa na shemeji, na tangu siku hiyo sina. Vijana wawili walinisimamisha njiani na marungu yao, mmoja akanigusa kifuani kwa lake. Nikawaambia mimi ni mama yake Shilinde, kama wanataka kupiga wapige. Wakanipisha.

Sintamei, mama yake Isaya, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, kichwa kimenyolewa. Kiswahili chake ni kidogo, binti yake Doreen alikuwa anatufasiria. Hakunikaribisha kukaa, nikabaki nimesimama juani. Simu ilikuwa polisi, lakini Doreen alikuwa na nakala ya ujumbe wa pili kutoka kundini. Mama yake alikuwa amekataa kuusikia tangu mazishi. Akamwambia sasa auwashe, nikiwepo.

Tuliusikia wote watatu. "Shilinde, sema warudi! Wewe wanakusikia." Kisha ule mpasuko. Sintamei alinirukia, akanichapa makofi mawili mazito, nikaanguka. Sikuinua mkono. Doreen alimshika, wakalia pamoja muda mrefu, nami nikakaa palepale vumbini.

Baadaye Sintamei aliniuliza kitu kwa Kimasai.

"Anauliza," Doreen akasema, "kaka alikuwa ameshika nini alipofika lamboni. Watu wanasema sime. Anasema wewe ni mwalimu, useme kweli."

Nilikuwa nimemuuliza Shilinde hilo mara tatu, na Beda mara mbili. Hakuwa ameshika kitu, nikamjibu. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu.