Mkate Uliosingiziwa Pombe

Wahindi walipofukuzwa nchini na serikali ya kijeshi, matanuri ya mikate ya Arua yalizimika moja baada ya jingine. Maduka yao yaligawiwa wanajeshi, na mwanajeshi hana subira ya kungoja unga uumuke. Mkate uliobaki ulikuwa mgumu, una mchanga, na watu waliugombania kwa viwiko na ngumi. Sokoni niliona mtu akipasuliwa kichwa kwa jiwe la mizani, na aliyempasua akaondoka na nusu mkate wenye damu. Hakuna aliyemfuata.

Mimi nilikuwa mwalimu wa madrasa, bado kijana, na nilipenda mkate mzuri, kwani Mungu hakuuharamisha. Nikaanza kuutafuta. Baada ya swala ya alfajiri nilizunguka mitaa nikifuata harufu, nikauliza wanawake wa sokoni, nikauliza madereva wa malori. Dereva mmoja akaniambia, “Nyuma ya maghala ya tumbaku iko Mukongo anaoka kama Wafaransa.”

Nikamkuta. Alikuwa Mkristo mpole aliyejifunza kazi jikoni kwa mapadre, ng'ambo ya mpaka. Mikate yake ilikuwa mirefu kama mkono, ganda lake kavu, ndani laini yenye matundu. Alioka pia vikate vidogo vya siagi, tabaka juu ya tabaka, vilivyopindwa kama mwezi mwandamo. Sisi Waislamu wa mjini tulivinunua sana Ramadhani. Nilimpelekea mama yangu kule Koboko, akavifungulia saumu, akasema hata Wafaransa huenda wakapata thawabu kidogo.

Hamira haikupatikana madukani miaka ile. Mwokaji alitunza ndoo ya unga uliochachuka, akiulisha unga mpya na maji kila siku. Ulitoa povu na kunuka kama kwete, pombe ya mahindi ya kwetu.

Alasiri moja ya Ramadhani nilikuwa nangoja mkate wa futari, askari watatu wakaingia. Mkubwa wao alikuwa amefunga; midomo ilimkauka na macho yalikuwa mekundu. Akanusa, akafunua ndoo.

“Wewe unapika pombe mwezi ya Ramadhani?”

“Hapana, afande,” mwokaji akasema. “Hii iko mama ya mukate.”

“Mama yako amelewa, basi. Ananuka.”

Wenzake wakacheka. Wakamshika mwokaji, wakamlaza mkono wa kulia juu ya meza ya kukandia, na yule mkubwa akaushushia kitako cha bunduki. Akaushushia tena. Nilisikia mifupa. Mkewe alipiga yowe uani, askari mmoja akaenda kumnyamazisha kwa teke. Kisha mkubwa akakoki bunduki, akaielekeza kichwani mwa mwokaji.

Nikasema, “Afande, huo ni unga tu. Ndio unaoumua mkate.”

“Mwalimu, wewe unajua harufu ya pombe? Ulijulia wapi?” Akanisogezea ndoo kwa kiatu. “Onja.”

Nikachovya kidole, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema, kama mpishi aliyefunga anavyoruhusiwa. “Ni uchachu tu, afande.”

“Umetema. Mutu anatema, anaficha. Meza.”

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa, na majirani walikuwa wamejaa mlangoni, wengine wazazi wa wanafunzi wangu. Lakini walimu wangu walinifundisha kwamba saumu ya siku moja hulipwa, na roho ya mtu hailipiki. Nikachota kiganja kizima, nikameza. Nikachota tena, nikameza.

“Sasa simama kwa mguu moja,” akasema. “Soma Alhamdu.”

Nikasimama, nikasoma sura yote taratibu bila kukosea, ndoo mbele yangu na mwokaji chini akivuja damu. Askari alinitazama muda mrefu, akingoja niyumbe. Mwishowe akashusha bunduki.

“Iko unga,” akawaambia wenzake.

Akaipiga ndoo risasi, unga ukamwagika sakafuni. Wakakusanya mikate yote kwa ajili ya futari yao. Alipofika mlangoni akanirudia.

“Lakini wewe umekula mchana.”

Kitako cha bunduki kikaniingia mdomoni. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala juu ya ule unga, mke wa mwokaji akinifuta damu kwa khanga. Mumewe alikuwa ameketi ukutani, mkono umefungwa kipande cha gunia, anapumua. Nikamshukuru Mola kwa pumzi ile, meno yangu yakiwa ndani ya kiganja.

“Rudini kwenu,” nikamwambia.

“Nitaoka na mkono gani, mwalimu?”

Waliondoka siku hiyo hiyo juu ya lori la mihogo kuelekea mpakani, naye hakurudi Arua. Baada ya Idi niliilipa ile siku yangu. Jioni mke wangu alinilowekea mkate wa sokoni katika chai, nikafungua saumu kwa kijiko, nikamwombea Mkristo yule apone vidole.