Sofa ya Kahawia Mbele ya Kamera

Mimi hutengeneza sofa pale Dagoretti Corner, kando ya barabara, na miaka yote sikuhitaji video. Mtu alisimama, akakalia, akapigapiga mkono wa kiti, tukaelewana. Siku hizi wanasimama mbele ya sofa zangu wakiangalia za watu wengine kwenye simu. Binti yangu akaniambia tusipojitangaza tutafunga kabla ya Krismasi.

Akanipeleka mjini kwa bwana mmoja wa video, orofa ya tatu, ngazi zinanuka chipsi. Alikuwa amekalia kiti cha kuzunguka. Mimi mtu wa kiti kama hicho simwamini haraka. Kiti hakitulii, mwenyewe atatulia aje?

Akatueleza kuna video za namna tatu. Ya kwanza ni ya kuigiza, na vichekesho. Ya pili, mteja anatoa ushuhuda. Ya tatu, unaonyesha kazi yenyewe tangu mbao tupu, na unapasua sofa moja iliyo tayari ili watu waone tumbo lake. Yeye alipendelea ushuhuda. Nikamwambia kanisani kwetu ushuhuda hutolewa na yule yaliyompata. Akacheka, akasema mama wa kushuhudia anaye tayari, akanionyesha kwenye simu.

Nikamjua. Mwaka jana mama huyo huyo alisema magoti yake yalipona kwa dawa fulani ya kupaka. Nilinunua. Nilijipaka mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto kwa ajili ya harufu, na magoti ni yale yale, ndiyo maana hizo ngazi nilizihesabu.

“Huyu mama,” nikauliza, “sofa yangu ataikalia na magoti gani? Ya zamani ama yale yaliyopona?”

Binti akaangalia dirishani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Bwana akasema basi, kesho aje tupasue sofa. Hapo nikawa mkali. Nikasema majirani wataniibia ufundi, pengine hata wamemtuma.

Kurudi, tulipopita mtaa wa Woodley, binti akaniuliza:

“Baba, ndani ya ile sofa ya kahawia pale mbele kuna nini?”

Kuna magunia. Kuna wakati sponji ilinisumbua kupata, nikaijaza magunia mgongoni, halafu nikaogopa kuiuza. Imekaa hapo mbele kama pambo. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshuku kila mtu, na yeye alikuwa ananishuku mimi tu.

Nikamwambia binti ampigie bwana simu, aje. Kesho yake alipokuja na kamera, nikaivuta ile ya kahawia mwenyewe, nikaitia kisu. Magunia yakatoka na vumbi lake, moja bado limeandikwa viazi. Nikasema kwenye kamera, “Hii niliijaza vibaya mimi. Sasa angalieni vile inatakiwa,” nikaanza nyingine kwa mbao tupu. Alitaka kuyaondoa hayo maneno ya mwanzo. Nilikaa kando yake akiitengeneza video mpaka ikaisha, maana bado sikumwamini.

Wa kwanza kuja baada ya video alikuwa mama mtu mzima kutoka Kinoo. Hakukalia, hakupiga mkono wa kiti. Alifungua mkoba, akatoa kisu cha jikoni kilichofungwa kwa gazeti, akaniuliza aanzie wapi.

Nikamwonyesha mgongoni, chini ya mshono.